Harusi ya Ada

Hakuna mtu Mtoni hii anayeijua habari ya harusi ya Mama Bupe kuliko mie. Niliiona yote kwa macho yangu mawili. Naam, moja lina mtoto wa jicho, na ukumbini sikualikwa. Lakini dirisha langu na dirisha lao yanatazamana kama wake wenza, na pazia lao fupi.

Siku jambo lilipoanza, Mama Bupe alikuwa mlangoni kwake anapiga pasi mashuka ya mitumba. Jina lake Tupokigwe, mtu wa Tukuyu, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Mashuka aliyauza sokoni Tandika, na pasi yake ya mkaa ilikuwa na baraka: shuka lililofiwa na mwenyewe huko Ulaya lilitoka hapo limenyooka kama la bibi harusi. Bintiye wa pekee, Bupe, alirudi kutoka shule ya kata, kidato cha pili, mkoba begani na uso chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umenuna? Umepigwa?"

"Sijapigwa. Leo kaja sista shuleni."

"Sista wa kanisani?"

"Wa hospitali, mama. Anafundisha chuo cha uuguzi. Katuambia chuo hakianzi ukimaliza form four, kinaanza form three. Anayetaka uuguzi lazima awe na fizikia, kemia na baiolojia kwenye cheti. Ikikosekana moja, hata getini hupiti."

"Basi si unasoma?"

"Mwakani hatusomi. Mwalimu wa fizikia alihama, wa kemia kaenda kujifungua, na maabara imejaa madawati yaliyovunjika miguu. Mkuu kasema darasa zima tunaingia sanaa."

Mama Bupe aliisimamisha pasi. Baba wa mtoto, Benson, alikuwa karani wa stoo ya saruji, na mwaka uliopita saruji mbichi ilimla viganja vyote viwili. Bupe ndiye aliyemuuguza. Alisafisha vile vidonda asubuhi na jioni bila kukunja uso, wakati mama mtu anakimbilia nje kutapika. Tangu hapo nyumba ile haikuwa na ndoto nyingine.

"Kongowe kuna shule ya binafsi," Bupe alisema taratibu, kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Ina maabara. Inapokea form three Januari, ukifaulu usaili. Ada milioni na laki nne, nusu unalipa kabla hujaingia."

Benson alipata laki mbili na nusu kwa mwezi, ikifika. Mama Bupe aliinusa pasi, akaona kaunguza shuka.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa kabla hajaaibika kwanza. Kesho yake alipita sokoni meza kwa meza. Huyu alimwambia biashara imelala, yule akamwambia angekuja jana. Shoga yake Mama Praygod, muuza viatu, mtu mwenye roho safi na mkono mzito, alimpa daftari mbili na ushauri.

"Shoga, ada ni ya wazazi. Mtu hachangiwi ada na baba yupo, anatembea."

"Ningekuwa mjane?"

"Ungekuwa mjane tungechangia msiba."

Jumuiya ya kanisani nao walimsikiliza kwa huruma, wakasema suala lake wataliweka kwenye maombi. Waliliweka. Likakaa hukohuko.

Na wiki hiyohiyo, huku miguu ikimuuma kwa kuombaomba, Mama Praygod alimletea kadi ya mchango wa harusi ya mdogo wake. Kiwango cha chini, elfu hamsini. Mama Bupe alitoa, maana kadi ya harusi hairudishwi. Anayeirudisha atazikwa na mumewe peke yake. Alipokwisha kutoa ndipo akaketi juu ya furushi lake la mashuka, akawaza kwa muda, halafu akacheka peke yake mpaka mteja akaondoka.

Jioni alimwandalia Benson ugali na dagaa, akamsubiri anyanyue tonge.

"Baba Bupe."

"Naam."

"Nioe."

Tonge lilisimama njiani. "Nikuoe mara ngapi? Kwani hapa umekuja kutembea?"

"Hapa nimekaa. Kuolewa bado. Kanisani hatujaingia, na kwetu kuna ng'ombe mmoja wanakudai mpaka leo."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo umri wa kubariki ndoa. Wenzio wanabariki huku wajukuu wamewashikia shela. Nisikilize, mume wangu. Mie mjini hapa nimechangia harusi mpaka za watu walioachana. Sasa na wao wanichangie. Kanisani tunaingia kimyakimya, uani tunapika pilau sufuria moja, soda mojamoja, watu wanakwenda zao. Kinachobaki kinakwenda Kongowe."

Benson alilitia tonge mdomoni, akalitafuna kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. "Na wakijua?"

"Wajue nini? Harusi si ipo? Bibi harusi si huyu hapa? Wizi uko wapi?"

"Sijasema wizi."

"Umeufikiria. Kula."

Kosa la Mama Bupe lilikuwa moja. Miaka yote hiyo alikuwa mchangaji, ndani ya kamati hakuwahi kukaa. Aliijua harusi kama mlaji anavyolijua jiko.

Kamati iliundwa upesi kuliko alivyotarajia. Mwenyekiti akawa Mzee Ansbert, karani mstaafu wa bandari, Mhaya aliyevaa tai hata akienda kununua maziwa. Mama Praygod akapewa uhazini, kwa sababu Wachaga, walisema, hela haiwapotei. Na yeye hakukanusha. Likafunguliwa kundi la simu, na kila alfajiri, kabla hata ya adhana, Mzee Ansbert alituma ujumbe wa kukumbusha ahadi pamoja na mstari wa Biblia.

Kikao cha kwanza kilikaa sebuleni kwa wenyewe. Mama Bupe alikuwa amekwishajiweka kwenye kiti.

"Kabla hatujafungua kikao," alisema Mzee Ansbert, "bwana na bibi harusi watupishe."

"Tuwapishe twende wapi, mzee? Hapa si kwetu?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Wahusika hawakai kwenye kamati. Kazi yenu nyie ni kupendeza."

"Na michango?"

"Inaingia kwenye simu yangu," alisema Mama Praygod. "Bibi harusi hagusi hela ya harusi, shoga. Mkosi."

Wakatolewa nyumbani kwao. Walikaa nje karibu na tangi la maji, wawili, kama watoto waliofukuzwa darasani, wakisikiliza sauti kupitia dirishani. Zikatajwa rangi: pichi na fedha. Akatajwa mshereheshaji. Ukatajwa ukumbi huko Mbagala, wenye viyoyozi na mlango wa kioo.

"Keki ya ghorofa tatu!" sauti ilisema, watu wakapiga makofi.

"Sie wenyewe hatujawahi kukaa ghorofa hata moja," alisema Benson.

Mama Bupe hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani akijifanya anatafuta chumvi. "Jamani," alisema, "mie nilikuwa naona hata uani panatosha. Sie watu wazima. Turubai moja tu, viti vya kukodi..."

Mzee Ansbert alisimama, akakaza tai. "Mama Bupe. Umetuzikia wazazi, umetuozea watoto, kwenye furaha ulikuja na kwenye shida ulikuja. Leo ni zamu yako, unataka tukuoze uani kama kuku? Hatukubali!"

"Hatukubali!" ilijibu sebule nzima. Mama Praygod alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Hapo ndipo ulipokuwa ubaya wa mambo. Wangekuwa wabaya angewatukana, akalala. Lakini walikuwa wanampenda kweli.

Alitoka na chumvi asiyoihitaji.

Habari ikavuma. Kaka zake huko Tukuyu wakapiga simu kuulizia ng'ombe wao. Wakasema kwa miaka ile yote ng'ombe angekuwa ameshazaa, kwa hiyo wanadai na ndama. Benson aliazima suti kwa mwenzake wa stoo, na mwenzake akamwambia mbele ya vibarua aitoe jasho kabla hajairudisha. Hayo yote Mama Bupe aliyameza. Lisilomezeka lilikuwa Bupe.

"Mama, hela ya keki ipo, ya shule hamna?" Mtoto alisema hivyo huku anaosha vyombo, mgongo umemwelekea mama yake. "Nyie mnaoana, mie naingia sanaa."

Mama Bupe angeweza kusema kweli. Aliitazama ile shingo nyembamba ikiinamia karai, na ulimi ukateleza wenyewe.

"Nani kakwambia hamna? Keki jina tu, mwanangu. Harusi yenyewe jina tu. Watu wazima wamekaa, wamekubaliana: mchango huu ni wa shule yako."

Bupe aligeuka na povu mikononi. "Kweli?"

"Ila mambo ya wakubwa hayasemwi mpaka yaishe. Ukiwashukuru mapema unayaharibu."

"Hata Mzee Ansbert anajua?"

"Ndiye aliyetoa wazo."

Benson alisikia akiwa kitandani. Bupe alipotoka kumwaga maji alimwuliza mkewe, "Umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia kitakachokuwa. Huo si uongo, nimetangulia tu."

"Tupo. Mwambie ukweli mapema."

"Salio litakuwepo! Harusi gani haibakizi? Miaka yote nikichangia nasikia: salio, salio. Kamati ikivunjwa watatukabidhi, tutakwenda Kongowe. Wewe vaa suti yako."

Basi Bupe akaanza maisha mengine. Alikwenda Kongowe, akafanya usaili, akafaulu. Wakamwambia wanamsubiri Januari na nusu ya ada. Barabarani Tandika alinunua kitabu cha fizikia kisicho na jalada, kila jioni akakisoma kwa sauti dirishani, ili kidato cha tatu kimkute mbele. Nami niliyeishia darasa la saba nikapata elimu ya bure. Nikasikia kwamba kitu kilichosimama hupenda kuendelea kusimama mpaka kisukumwe. Hilo nilikuwa nalijua; nimewahi kuwa na waume.

Shuleni kwake aliaga. Sweta alimgawia rafiki yake, kwa kuwa rangi ya Kongowe ni nyingine. Mkuu wa shule alimwuliza kama ana hakika, akasema, "Ndiyo, mwalimu, wazazi wangu wamechangiwa." Mkuu akasema hajawahi kusikia, akampongeza, akalikata jina lake.

Harusi ilikuwa nzuri, hilo hata mie ambaye sikualikwa sitalikataa. Niliiona kwenye simu za watu. Mama Bupe alivaa shela ya kukodi iliyobanwa mgongoni kwa pini, hivyo hakuthubutu kupumua vizuri. Benson alikaa mikono imeinuka kidogo, suti isipate jasho. Mshereheshaji alimwambia bibi harusi apunguze kununa, bwana harusi si mgeni, anamjua.

Bibi harusi alikuwa hanuni. Alikuwa anatazama. Kila sinia ya kuku iliyompita aliona fizikia inapita. Walipokata keki aliona kemia inalishwa watu kwa uma. Fataki za mezani zilipowashwa alimwinamia Benson sikioni.

"Hizi fataki nazo wamelipia?"

"Tabasamu, wanapiga picha."

Mwishoni taa zikazimwa, zikawashwa, na Mzee Ansbert akatangaza zawadi ya kamati. Watu wakasimama. Vijana wakaingia wamebeba friji kubwa, refu kuliko Benson, limefungwa utepe wa pichi. Mama Praygod alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Chumbani kwao friji lilisimama palipokuwa na godoro la Bupe, na godoro likahamia chini ya meza. Mama Bupe alipofikiri kuliuza, Mama Praygod akaanza kuleta juisi zake za ukwaju zigande humo. Alikuja kila siku, akalipangusa kwa khanga yake, akasema, "Zawadi ya kamati, shoga. Tumekuweza, hatujakuweza?"

"Mmeniweza," alijibu Mama Bupe.

Likabaki salio. Bupe alikunja nguo zake kwenye begi, akalikalisha mlangoni, na kila mama yake akipita alilisogeza kwa mguu kama paka wa watu.

Shule ya Kongowe ilikuwa inafungua Jumatatu. Kamati ikatangaza kuvunjwa Jumamosi, nyumbani kwa maharusi. Mama Bupe aliamka na moyo mwepesi. Alideki, akapanga viti vya kuazima, akampa Bupe soda azipange kwenye friji, akamwambia Benson avae shati la maana. Mchana vijana wa Mzee Ansbert walikuja na mkaa wao na mbuzi aliyekwisha kuchunwa, wakaanza kuchoma uani. Akafikiri: wamechanga tena, watu hawa hawachoki.

Safari hii waliruhusiwa kukaa ndani. Watu walikula, wakasifiana, wakakumbushana nani alianguka akicheza. Kisha Mzee Ansbert akagonga chupa kwa kijiko.

"Mhazini, taarifa."

Mama Praygod alisimama na simu yake mkononi. "Ukumbi tumelipa. Chakula tumelipa. Mpiga picha tumelipa, ingawa alitukata vichwa. Friji tumelipa taslimu. Wajumbe, hatudaiwi na mtu!"

Makofi.

"Na salio lipo!"

Mama Bupe alishika goti la mumewe chini ya meza. Alilishika kwa nguvu, Benson akauma mdomo.

"Kama ilivyo desturi ya kamati," Mama Praygod aliendelea, akiinua ubavu ulioliwa nusu, "salio ndiyo huyu hapa!"

Chumba kikaangua kicheko. Mzee Ansbert akasema hajawahi kuona salio laini namna hii. Mtu akadai figo.

Mkono uliokuwa gotini kwa Benson ulilegea, ukabaki hapohapo kama kitu kilichosahauliwa. Mama Bupe aliitazama sahani yake. Alikuwa amekwisha kula vipande viwili, na alikuwa amevisifia.

"Mbuzi mzima?" aliuliza.

"Mzima, shoga, na pilipili zake! Ungebaki hata mfupa tungekuwa wezi."

Benson aliinuka kidogo, akakaa tena. Hapo ndipo Bupe alipoingia na trei ya soda. Kule uani hakuwa amesikia taarifa. Alisikia makofi tu, na makofi yale aliyaelewa kwa namna yake. Aliweka trei mezani, akajifuta mikono kwenye sketi, akapiga goti mbele ya Mzee Ansbert, kama bibi yake alivyomfundisha huko Tukuyu.

"Shikamooni wazee wangu na mama zangu."

"Marahaba! Marahaba binti!"

"Bupe," alisema mama yake. "Nenda kaangalie mkaa."

"Sasa hivi, mama." Mtoto alikuwa amejiandaa; maneno hayo alikuwa ameyasema chini ya meza mara nyingi. "Mama alinikataza nisishukuru mpaka mambo yaishe. Leo yameisha. Nasema asanteni kwa kunichangia ada. Jumatatu naingia Kongowe, nitasoma fizikia, na nikiwa nesi, Mzee Ansbert, presha yako nitakupima mie. Bure."

Mzee Ansbert alikuwa na mfupa mkononi. Aliuweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Ada?" alisema. "Shule gani?"

"Ile mliyokubaliana." Bupe alitabasamu. "Wazo si ulitoa wewe?"

Watu wakaacha kutafuna. Kamati nzima ikamgeukia Mama Bupe. Benson alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Bupe alicheka. Kicheko kilitoka kikavu, akakiongezea kingine juu yake. "Jamani, msimsikilize huyu. Tangu juzi ana homa, usiku kucha anaweweseka. Malaria imempanda kichwani. Bupe, si nilikwambia ulale?"

Tabasamu la Bupe lilikuwa bado usoni, lakini lilikuwa halina mwenyewe. Alibaki amepiga goti, anamtazama mama yake.

Mama Praygod aliweka sahani chini. Alifuta vidole mafuta ya mbuzi kwenye khanga, kimoja kimoja, akainama, akamgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wa mkono. Akashuka shingoni. Akauacha mkono hapo kwa muda, kama mama anayetaka kuwa na hakika.

"Mama Bupe," alisema, "mtoto wa baridi huyu."